Kitanda Peke Yake Hakiponyi Moyo



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, wazazi na walezi, ni nyumba chache miongoni mwetu zisizokuwa na mzee mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo. Mzee anapozidiwa, siku ya kwanza sote tunajua la kufanya: gari linatafutwa, fedha zinachangwa, Yasin inasomwa. Tatizo linakuja baadaye. Mzee ameruhusiwa, amerudi nyumbani, wageni wamepungua, na miezi iko mbele yake. Hapo wengi wetu tunajua jambo moja tu, kumlaza. Makala hii inahusu miezi hiyo, nami nitaieleza kwa yale tuliyoyaona nyumbani kwetu.

NAMNA MARADHI YALIVYOANZA

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki nikiwa na miaka 9. Ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Majirani walikuwa hawatazami saa. Wakimsikia Mjomba, walijua alfajiri imeingia.

Mwishoni mwa Januari 2023, sawa na mwezi wa Rajab 1444, alirudi kutoka swala ya Isha akalalamika kifua kizito, kana kwamba ameegeshewa gunia la mchele. Alikuwa na miaka 71. Jasho jembamba lilimtoka ingawa feni ilikuwa ikizunguka, na maumivu yakaenda kwenye mkono wa kushoto na taya. Mkaza mjomba alidhani ni kiungulia, akamchemshia tangawizi. Jirani mmoja aliyekuwa amewahi kumuuguza baba yake ndiye aliyesema hapana, hii ni ya hospitali, na usiku uleule akapelekwa.

Kilichomtokea ni shambulio la moyo. Moyo ni msuli, na msuli huo nao unahitaji damu ili uishi. Una mishipa yake midogo inayouletea damu. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya msuli inayotegemea mshipa huo huanza kufa, na kila saa inayopita hasara huongezeka. Ndiyo maana maumivu ya kifua ya namna ile hayangojewi mpaka asubuhi. Baadaye alihamishiwa Dar es Salaam, mshipa ukazibuliwa, na Alhamdulillahi akanusurika. Lakini daktari alitueleza wazi kuwa sehemu ya msuli imekwisha kufa, itafanya kovu, na kovu halisukumi damu. Moyo wa Mjomba ungefanya kazi kwa kile kilichobaki.

HOFU YA NYUMBANI

Alirudi Tanga akiwa amekonda. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni karibu na dirisha, na Mama Mkubwa akatoa amri: asinyanyuke. Chakula alilishwa palepale. Maji ya kutawadhia aliletewa kwenye beseni. Wageni waliingia tangu asubuhi hadi saa nne usiku, na kila mmoja alikuwa na wasia wake: usitembee, moyo utapasuka, usicheke sana, usilalie ubavu wa kushoto. Wengine walileta halua na soda.

Yote hayo yalifanywa kwa mapenzi, wala hakuna wa kulaumiwa. Lakini siku ya tano Mjomba alipotaka kwenda msalani mwenyewe, magoti yalimtetemeka kama ya mtoto anayejifunza kusimama. Huyu ni mtu ambaye wiki tatu kabla alikuwa akiendesha baiskeli hadi dukani kwake. Alirudi akakaa kitandani, akatazama dari, akasema, "Mmeshanizika, bado kunifukia tu."

Ndani ya bahasha ya dawa kulikuwa na karatasi aliyoandikiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Dar es Salaam. Usiku ule baada ya Isha niliisoma mbele ya familia yote. Wiki ya kwanza atembee dakika 5 mahali tambarare, mara mbili au tatu kwa siku. Kila wiki aongeze kama dakika 5, hata wiki ya 6 afike dakika 30. Asibebe ndoo ya maji wala kusukuma kitu kizito. Asitembee mara tu baada ya kula, asubiri angalau saa moja. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, jasho la baridi au pumzi kumbana, asimame na akae. Maumivu yasipoondoka ndani ya dakika chache, apelekwe hospitali bila kungoja.

Mama Mkubwa aliuliza, "Mtu ana kidonda moyoni, mnamtembezaje?"

Swali lake lilikuwa la haki, na hata madaktari waliwahi kuwa na fikra hiyo. Hapo zamani mgonjwa wa namna hii alilazwa chali wiki 6 au zaidi, haruhusiwi hata kujilisha. Katika mwaka 1952 madaktari wawili wa mji wa Boston, Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kuhusu wagonjwa waliowakalisha kwenye viti tangu siku za mwanzo badala ya kuwalaza. Wagonjwa wale hawakudhurika kwa kukaa, na nyoyo zao zilichangamka. Baadaye ikazidi kufahamika kwamba kulala muda mrefu kuna hatari zake: damu huganda miguuni, misuli hulegea, mapafu hupata maradhi. Leo kumrudisha mgonjwa wa moyo katika shughuli kwa vipimo, pamoja na dawa, chakula na mafundisho, ni sehemu ya matibabu, na huitwa utengamao. Wala sisi Waislamu tusione kuwa ni jambo geni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapa mazoezi ya mwili nafasi kubwa katika kitabu chake cha Al-Qanun alipozungumzia kuhifadhi afya.

Nilimjibu Mama Mkubwa kwa adabu kuwa kidonda kinapona kwa kupumzishwa, lakini msuli unapata nguvu kwa kutumiwa, na moyo wa Mjomba una vyote viwili. Ndiyo maana tumepewa dakika 5, hatukuambiwa saa nzima. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi nitashika saa."

HATUA ZA KILA SIKU

Tulianza uani, kutoka mlango wa jikoni hadi kisimani na kurudi. Wiki ya pili tukatoka nje. Ngamiani ina sifa moja nzuri, barabara zake zimepewa namba, basi hesabu ikawa rahisi. Leo tumefika barabara ya pili yake, wiki ijayo Insha Allah ya tatu. Tulitoka baada ya jua la alfajiri kuchomoza kidogo, au kabla ya Magharibi, kwani joto la mchana la Tanga humchosha hata mzima. Mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la tano katika madrasa yetu, alitembea nyuma na kigoda ili babu akichoka akae.

Mtaalamu alikuwa amemwambia kwamba mwendo mzuri ni ule ambao mtu anatembea na bado anaweza kuzungumza. Mjomba akajiwekea kipimo chake. Alileta tasbihi, tahmid, tahlil na takbir kwa sauti ndogo kwa pumzi moja. Zikitoka zote sawasawa, aliendelea. Zikikatika katikati, alipunguza mwendo. Mjukuu alikuwa akisikiliza, na babu akijitia kiziwi huku pumzi inakatika, mtoto alisema, "Babu, tahlil haikutoka." Mzee alicheka na kukaa kigodani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Hadithi hii tunaisomesha darasani kila mwaka. Mimi niliiona ikitembea kwa miguu barabarani kwetu.

CHUMVI NA MIZANI

Siyo kwamba kila siku ilikuwa ya kupanda. Katika wiki ya nne jamaa mmoja alileta papa mkavu wa kupikwa kwa nazi, chakula ambacho Mjomba anakipenda kuliko vyote. Alikula mchana na usiku. Baada ya siku mbili viatu havikuingia miguuni, usiku alitaka mito mitatu ili apate kupumua, na mizani ilionyesha ameongezeka zaidi ya kilo 2. Mtu hanenepi kilo 2 kwa siku mbili. Hayo yalikuwa maji. Moyo uliodhoofika unashindwa kuyaondoa, na chumvi inayazuia mwilini. Tulimrudisha kliniki, akaongezewa dawa ya kukojoa kwa siku chache, hali ikatulia.

Tangu hapo mizani iliwekwa kando ya kitanda. Kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula alipanda, na mjukuu aliandika tarehe na kilo kwenye daftari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyokwisha kuwemo kwenye mkate, achari na samaki wa chumvi. Mkaza mjomba akabadilisha jiko. Papa na ng'onda viliondoka, akaleta samaki mbichi. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga zilichukua nafasi ya chumvi, na tui zito likawa la siku moja moja. Wiki ya kwanza Mjomba alisema anakula chakula cha hospitali. Mwezi wa pili aliacha kulalamika. Jambo kubwa alilofanya mkaza mjomba ni kupika chungu kimoja kwa nyumba nzima, hivyo mzee hakutengwa na sahani yake.

SWALA YA KITINI

Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, pagumu kuliko kutembea.

Dawa zake zilikuwa zinateremsha presha, na alipoinuka kutoka sijda macho yaliingia kiza. Siku moja aliyumba akashika ukuta. Daktari alisema aswali ameketi mpaka hali itengemae. Mjomba alikataa. Alisema amesimama safu ya mbele tangu ujana wake, na amesikia kuwa swala ya aliyekaa ina nusu ya malipo. "Sitaki nusu," aliniambia. Machozi yalimlengalenga.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutawadha, basi sikuweza kumkalia kama mwanafunzi. Nilichukua kitabu nikamuomba tusome pamoja. Tulisoma habari ya sahaba Imran bin Husayn (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu. Kisha tukasoma maelezo ya wanavyuoni kuwa ile nusu ya malipo ni ya mwenye uwezo wa kusimama anayeswali sunna kwa kukaa. Asiyeweza kwa maradhi hapungukiwi. Mwisho nikamkumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba mgonjwa au msafiri huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima na mkazi.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Na adhana pia?"

Nilimwambia natarajia hivyo kwa rehema za Mola wake. Alasiri ile aliomba kiti.

Kisha ikaja Ramadhani, mwezi wa Machi 2023, hata miezi miwili haijatimia tangu augue. Dawa zake zilitakiwa asubuhi na jioni, na mwili haukutakiwa kukaukiwa maji. Daktari alimkataza kufunga. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa hiyo waziwazi katika Suratul Baqara, na ruhusa ya Mola ni zawadi, haifai kurudishwa mlangoni. Mwaka ule alikula akiwa na nia ya kulipa akipona. Mwaka 2024, daktari alipothibitisha kuwa moyo utabaki dhaifu na dawa ni za maisha, tuliwauliza masheikh wetu, na akaanza kutoa fidia. Kwa madhehebu ya Imam Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Mjomba alipima mchele kwa mkono wake mwenyewe.

HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Kuna jambo lisilosemwa sana. Usiku Mjomba alikuwa halali. Aliogopa akifumba macho hataamka. Mchana alikuwa mkali kwa mambo madogo, na alikataa kushika cherehani. Mgeni mmoja alisema imani yake imepungua. Maneno yale yalimuumiza kuliko kifua.

Daktari alitwambia kuwa hofu na huzuni huwapata wengi baada ya shambulio la moyo, na kwamba zielezwe kliniki kama yanavyoelezwa maumivu, kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa huacha dawa na huacha mazoezi. Mtume (S.A.W.) alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, na hakuna mwenye imani kumshinda. Basi tukapunguza wageni, tukaweka saa ya kuja na saa ya kuondoka. Tukamwomba Mjomba atushonee kanzu za watoto wa madrasa, moja kwa wiki. Kanzu ya kwanza ilichukua siku 8. Ya tano ilichukua 3.

ADHANA

Mwezi wa Mei 2023 alifika msikitini kwa miguu yake. Ni barabara tatu kutoka nyumbani, na mwisho kuna ngazi 6, ambazo alizipanda mbilimbili na kupumzika. Wiki chache baadaye, kwa ruhusa ya daktari, alikimu swala, kwani ikama ni fupi. Kisha siku moja ya Alasiri imamu alimpa kipaza sauti.

Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nyembamba, na baina ya tamko na tamko alivuta pumzi mara mbili. Watu walitoka madukani wakasimama. Mkaza mjomba alikuwa uani, akakaa chini.

Baada ya swala Mjomba alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alimwita kijana mmoja wa darasa la juu la madrasa yetu akamwambia kuanzia kesho adhana ya Alfajiri ni yake, naye atabaki na ya Alasiri peke yake. Alimfundisha makhraj na kuvuta pumzi mwezi mzima, akiwa amekaa kwenye kiti kilekile alichokikataa. Mpaka sasa mgawanyo ndio huo. Hajapona kabisa, wala hatudai hivyo. Anakunywa dawa kila siku, anapanda mizani kila asubuhi, na hawezi kubeba ndoo. Lakini anatembea nusu saa kwa siku, na hakuna anayemlisha.

WAJIBU WETU

Wanafunzi wangu wapenzi, kuwafanyia wema wazazi na wazee wetu mmekwisha kuhifadhi dalili zake katika Suratul Israa. Nataka myajue na matendo yake.

Kwanza, mzee akisema kifua kizito, jasho linamtoka na mkono au taya inauma, msimwache alale. Mwambieni mtu mzima na apelekwe hospitali mara moja.

Pili, akirudi nyumbani, someni maelezo aliyopewa na hospitali. Vijana mnaojua kusoma vizuri, hiyo ni kazi yenu. Kila mgonjwa ana vipimo vyake, hivyo dakika za Mjomba msizichukue mkampa babu yenu bila kumuuliza daktari wake.

Tatu, tembea naye. Mtoto wa miaka 10 anaweza kubeba kigoda na kuandika kilo kwenye daftari.

Nne, dawa zisiachwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Mara nyingi nafuu yenyewe imeletwa na dawa, na atakayeziacha aziache kwa kauli ya daktari.

Tano, msimfanyie kila kitu. Mwacheni ajitawadhishe, ajilishe, na apewe kazi inayolingana na nguvu zake. Mapenzi yanayomnyima mzee kusimama humdhoofisha, hata kama nia yetu ni njema.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Moyo wa mzee nao hujazwa hivyohivyo, kwa hatua chache leo na chache kesho, na mtu wa kutembea pembeni yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa vijana wanaowafaa wazee wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.